Kompyuta ya pembeni bado inacheza Flash: jibu kwa mwalimu wa fizikia

Swali la msomaji: “Mtaalamu, habari za kazi. Nimehamishiwa sekondari moja mkoani Njombe, nafundisha fizikia na kemia. Nimekuta chumba chenye kompyuta 14 na folda kubwa ya masomo ya majaribio: saketi, mawimbi, asidi na besi. Shule iliyapata kwenye CD miaka mingi iliyopita. Kompyuta 13 zina Windows 10, na ukifungua somo Chrome inaleta kisanduku cha kijivu na maneno kwamba plagini haitumiki. Lakini moja ya pembeni, ya Windows 7, ambayo saa yake ukiizima na kuiwasha inarudi mwaka 2009, inafungua masomo yote vizuri kabisa. Kuna kijana mjini ana ‘Flash Player ya 2024’ kwenye flashi, anasema ataiweka kwenye zote kwa shilingi elfu tano kila moja. Nimruhusu? Na ile moja inawezaje?”

Mwalimu, usimruhusu. Kijana abaki na flashi yake, nawe ubaki na elfu tano zako mara kumi na tatu. Adobe ilitoa Flash Player ya mwisho kwa umma tarehe 8 Desemba 2020, toleo 32.0.0.465, ikaishia hapo. Lipo toleo la China peke yake, linalosambazwa na kampuni ya huko kwa makubaliano na Adobe, na naamini hilo ndilo vijana wengi huliokota mtandaoni wakalibandika mwaka wowote wanaotaka. Februari 2021 watafiti wa usalama wa Minerva Labs walilifumua, wakakuta limebeba kijiprogramu kinachofungua madirisha ya matangazo bila mtu kuomba. Hilo ni lile halisi. Alilo nalo kijana wako limepita mikono mingapi, hata yeye hajui.

Kwa miaka zaidi ya kumi maneno “Flash Player yako imepitwa na wakati, bofya hapa” yalikuwa chambo namba moja cha wezi wa mtandaoni. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja hapa Dar es Salaam ambako katibu muhtasi alibofya tangazo la aina hiyo. Kufikia mchana kila kivinjari kilikuwa kinafungukia ukurasa wa kamari, na printa ilikuwa ya kwanza kulaumiwa. Leo chambo hicho ni rahisi zaidi kukitambua, kwa kuwa hakuna tena Flash Player mpya ya kupakua. Kila anayekuletea moja anakudanganya, au kadanganywa yeye kwanza.

Sasa tuweke maneno sawa, maana kwetu neno hili lina balaa lake. Ukimwambia mtu “flash” mkono wake unakwenda mfukoni kutafuta kile kidude cha kuhifadhia mafaili. Darasa langu la kwanza la mafundi walikaa karibu nusu saa wakishangaa kwa nini nasema flashi imekufa ilhali zao zinasoma. Kwa hiyo humu nikiandika Flash nasema ile teknolojia ya michoro hai na masomo ya kubofya, iliyoanza mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash, ikanunuliwa na Macromedia, kisha ikaangukia Adobe iliponunua Macromedia mwaka 2005. Flashi ni kile cha kuchomeka. Utakihitaji pia, tutafika.

Kitu cha kwanza ninachotaka ukishike ni kwamba una vitu viwili, na vimekufa tofauti. Kuna masomo yenyewe, yaani mafaili ambayo majina yake yanaishia na .swf. Haya hayajafa. Ni kama kanda za kaseti, muziki umo humo humo. Kisha kuna mchezaji wa kanda, ile plagini, programu ndogo inayojipachika ndani ya kivinjari na kukisomea mafaili kisiyoyajua. Huyu ndiye aliyezikwa. Wengi wanaoniandikia wanahangaika kumfufua mchezaji kwa kuwa ndiye aliyewaletea ujumbe wa kosa, na huku kanda zao zinaoza kwenye CD iliyokwaruzika. Wewe hangaikia kanda. Wachezaji wengine wapo.

Alizikwa kwa sababu gani? Plagini ya zamani iliingia kwenye kivinjari ikiwa na uwezo karibu sawa na mwenye kompyuta mwenyewe. Ukurasa wowote ulioutembelea ungeweza kuituma kazi, na ikiwa na tundu, aliyelijua tundu hilo alikuwa sebuleni kwako. Flash ilikuwa na matundu mengi mno. Julai 2015 kampuni moja ya Italia iliyouza zana za udukuzi kwa serikali, Hacking Team, nayo ilidukuliwa. Mafaili yake yalipomwagwa hadharani yalikutwa na matundu ya Flash ambayo Adobe yenyewe haikuyajua, na ndani ya siku chache wahalifu wa kawaida walikuwa wanayatumia. Mwezi Julai 2017 Adobe ikatangaza kwamba mwisho wa 2020 ndio mwisho wa Flash. Ikatoa miaka mitatu na nusu watu wajipange. Unajua na mimi najua jinsi watu wanavyojipanga.

Mwisho ulipofika, Flash iliuawa mara tatu, na ukizitenganisha hizo mara tatu utaelewa chumba chako chote.

Mauaji ya kwanza yalifanywa na vivinjari. Chrome toleo 88 na Firefox toleo 85, vyote vya Januari 2021, viliondoa kabisa nafasi ya kuipokea plagini. Ndiyo maana kwenye kompyuta zako 13 hata ungeweka Flash Player iliyo safi na ya halali, Chrome isingeitazama. Mlango wenyewe umejengewa ukuta, na ufunguo hauna pa kuingia. Elfu tano za kijana zingepotea hata kama angekuwa malaika.

Ya pili ni Microsoft. Windows 10 ilikuja na Flash yake iliyojengewa ndani kwa ajili ya Internet Explorer na Edge ya zamani. Sasisho namba KB4577586 liliing’oa. Lilianza kama la hiari Oktoba 2020, na mwaka 2021 likawa la kila mtu. Kompyuta iliyounganishwa na intaneti ikapokea masasisho yake ya kawaida haikuulizwa.

Ya tatu ndiyo inayojibu fumbo lako. Ndani ya matoleo ya mwisho ya Flash Player, Adobe yenyewe ilitega bomu la saa. Kila somo linapofunguliwa, Flash inaangalia tarehe ya kompyuta. Ikiwa ni 12 Januari 2021 au baada ya hapo, haichezi. Inaonyesha kialama cha herufi i ndani ya duara, ukikibofya inakupeleka kwenye tangazo la kifo. Inaangalia tarehe ya wapi? Ya kompyuta hiyo hiyo. Na kompyuta yako ya pembeni, Mwalimu, inaamini tuko mwaka 2009.

Betri imekwisha. Kwenye mazabodi ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara kama sarafu, aina ya CR2032, inayotunza saa umeme ukizimwa. Ikifa, kompyuta ikiwashwa inarudi kwenye tarehe iliyoandikiwa kiwandani. Mafundi wangapi wamepita hapo wakaisema kompyuta hiyo kuwa mbovu! Ubovu wake ndio ulioyalinda masomo yenu. Ongeza kwamba ni Windows 7 na, nadhani, haijawahi kuunganishwa na intaneti, kwa hiyo kivinjari chake hakijajisasisha na hakuna aliyeirekebishia saa.

Kuna uwezekano wa pili, nao ni rahisi kuupima. Bomu hilo halimo katika matoleo yote, 32.0.0.371 ndilo la mwisho lisilo nalo. Fungua somo kwenye kompyuta hiyo, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha, na mstari wa chini wa menyu utakuambia toleo. Ikiwa ni 371 au namba ya chini zaidi, betri haina uhusiano wowote na habari hii. Ikiwa ni juu ya hapo, betri mfu ndiyo inayokulisha. Vyovyote iwavyo, leo usiiguse. Usibadili betri, usirekebishe saa, usiunganishe waya wa mtandao.

Hapo ndipo flashi ya kuchomeka inapohitajika. Kabla ya jambo lingine lolote nakili folda yote ya masomo kutoka kompyuta ya pembeni, kisha nakili na CD yenyewe ikiwa bado inasomeka. Nasema folda yote kwa makusudi. Masomo mengi ya zamani yana faili moja mama, mara nyingi linaitwa main au menu, linaloita mafaili mengine kwa majina yao: sauti huku, picha kule, maswali katika faili la .xml. Ukichukua lile moja tu litafunguka, likaonyesha upau wa kusubiri, likasubiri hadi mahafali. Weka nakala mbili mahali tofauti, moja isikae shuleni.

Baada ya kunakili, kaa utazame ulichonacho. Windows huficha herufi za mwisho za majina ya mafaili, kwa hiyo kwenye folda fungua menyu ya «View» uweke alama kwenye «File name extensions». Mafaili ya .swf ni Flash, tunayashughulikia hivi punde. Ya .flv ni video tu. Programu ya VLC inazicheza bila kelele. Ya .dcr au .dir ni ya Shockwave, ndugu mkubwa wa Flash aliyeachwa Aprili 2019, na haya sitakudanganya, ni magumu, utahitaji kuitunza kompyuta ya zamani kwa ajili yake. Na tafadhali tafuta .exe. CD nyingi za masomo za miaka ile zilitengenezwa kwa kufungasha somo pamoja na mchezaji wake ndani ya faili moja la .exe, ili shule isiyo na plagini iweze kulitumia. Nimewahi kumwona mtu akisafiri kutoka Mkuranga kuja mjini na kompyuta nzima kichwani mwa bodaboda kwa ajili ya masomo ambayo yangefunguka kwa kubofya Start.exe. Lipime kwa antivairasi kwanza, kisha lijaribu.

Kwa mafaili ya .swf, mchezaji ninayemshauri leo anaitwa Ruffle. Si Flash Player iliyovunjwa kufuli. Ni programu mpya kabisa, ya bure na ya chanzo huria, iliyoandikwa upya ili isome mafaili ya Flash kama Flash ilivyoyasoma. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo kwa umbile lake inazuia aina ile ya makosa ya kumbukumbu yaliyoitoboa Flash miaka nenda rudi, na ikiwa ndani ya kivinjari inakaa ndani ya uzio ule ule unaokaliwa na ukurasa wowote wa kawaida. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ilipoanza kuhifadhi michezo na katuni za Flash Novemba 2020, ilimtumia Ruffle kuzicheza. Ipo kwa sura tatu: programu ya kawaida ya Windows, Mac na Linux, kiendelezi cha Chrome na Firefox, na folda ya mafaili unayoiweka pamoja na kurasa zako.

Anza na ile ya kawaida kwenye kompyuta moja. Ipakue kwenye tovuti ya Ruffle yenyewe, ruffle.rs, fungua, chagua somo la saketi, utazame. Likicheza, umeshavuka mto. Lisipocheza, jambo la kuuliza ni umri wa somo. Flash ilikuwa na lugha yake ya maagizo, ActionScript, na mwaka 2006, Flash Player 9 ilipotoka, lugha hiyo iliandikwa upya kama ActionScript 3. Ruffle anaijua ile ya zamani karibu yote. Ile mpya anaijua kwa sehemu kubwa na kila mwezi anajifunza zaidi, lakini bado kuna masomo yanayomshinda. CD iliyochapishwa kabla ya 2006 haiwezi kuwa na ActionScript 3, kwa hiyo angalia mwaka ulioandikwa kwenye jalada lake, utajua mapema utegemee nini. Somo lililogoma leo lirudie baada ya miezi sita kwa Ruffle mpya. Nimeona masomo yakifufuka hivyo bila mimi kufanya lolote.

Sasa kompyuta 13. Unaweza kuweka Ruffle kwenye kila moja, na kwa chumba cha ukubwa wako si kazi ya kuua mtu. Lakini mimi ningefanya kama jikoni, chungu kimoja na sahani nyingi. Chagua kompyuta moja iliyo imara iwe seva ya chumba. Weka humo folda ya masomo, na ndani yake folda ya Ruffle ile ya kurasa. Fungua ukurasa mkuu, index.html, kwa Notepad, na kabla ya mstari wenye </head> ongeza mstari huu mmoja:

<script src="ruffle/ruffle.js"></script>

Basi. Ukurasa ukifunguliwa, Ruffle anatafuta mwenyewe mahali palipokuwa pakiitwa plagini na kukaa hapo. Ikiwa kila somo lina ukurasa wake, kila ukurasa unahitaji mstari huo.

Hapa ndipo watu wengi wanaponipigia simu kusema haifanyi kazi, kwa hiyo soma taratibu. Ukibofya index.html mara mbili kama faili la kawaida, anwani juu ya kivinjari itaanza na file:///, na vivinjari vya leo vinakataa ukurasa wa namna hiyo usisome mafaili jirani. Ruffle atabaki mtupu. Lazima ukurasa upite kwenye seva, hata ikiwa seva yenyewe ni kompyuta hiyo hiyo. Njia fupi: sakinisha Python, lugha ya bure ya kuandikia programu ambayo ndani yake ina seva ndogo, fungua dirisha la amri ndani ya folda ya masomo, andika:

python -m http.server 8080

Windows itauliza kama iruhusu, ikubalie kwa mtandao wa ndani tu. Ikiwa anwani ya kompyuta hiyo ni 192.168.1.10, basi kwenye kompyuta nyingine zote wanafunzi wanaandika http://192.168.1.10:8080 na masomo yanafunguka. Hakuna intaneti inayohitajika, swichi na nyaya zako za chumba zinatosha. Ipe seva anwani isiyobadilika, la sivyo siku umeme ukikatika na kurudi anwani itahama na utadhani mambo yote yameharibika.

Mtego mmoja zaidi, huu umenipotezea Jumamosi nzima. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, kwake Somo1.swf na somo1.SWF ni faili moja. Linux inajali sana. Ukiamua seva yako iwe ya Linux, masomo yaliyocheza Windows yatakosa picha au sauti bila maelezo, kwa sababu mtengenezaji aliandika jina kwa herufi kubwa mahali pamoja na ndogo mahali pengine. Kama hupendi kubadili majina ya mafaili mia tatu, iache seva iwe Windows.

Kwa masomo machache yatakayomshinda Ruffle, yuko mchezaji wa pili, naye ni wa Adobe wenyewe. Anaitwa projekta. Ni Flash Player isiyo plagini: faili moja la .exe linalosimama peke yake, unalifungua, unabonyeza Ctrl na O, unachagua somo. Halihitaji kivinjari, wala halina bomu la saa. Adobe walikuwa wanalitoa kwa ajili ya watengenezaji, na nakala zake zimehifadhiwa Internet Archive. Ukilipata, kabla ya kulifungua bofya kulia, ingia «Properties», kisha «Digital Signatures». Sahihi iwe ya Adobe, na Windows iseme ni sahihi halali. Kama ukurasa huo wa sahihi haupo, au Windows haiikubali sahihi yenyewe, usiliamini faili, lifute. Na hata likiwa safi, ndani yake ni Flash ile ile yenye matundu yake, kwa hiyo lifungulie masomo ya CD yako tu. Faili la .swf ambalo mwanafunzi kaleta kutoka kusikojulikana, mpe Ruffle.

Ipo na njia ya kuirudisha plagini kamili: kivinjari cha zamani kilichofungiwa masasisho, Flash ya toleo la mwisho, na faili la maelekezo liitwalo mms.cfg ndani ya C:\Windows\SysWOW64\Macromed\Flash, lenye mistari kama hii:

EnableAllowList=1
AllowListUrlPattern=http://192.168.1.10:8080/

Hapo Flash inakubali kucheza yale tu yanayotoka kwenye anwani uliyoiandika, bomu au hakuna bomu. Adobe waliiacha kwa ajili ya makampuni yenye mifumo mikubwa isiyohamishika kwa haraka, na kwa wanaotaka kulipia matunzo waliwaelekeza kwa kampuni ya Harman. Wewe hauko huko. Naitaja ili fundi akija kukuuzia ujuzi huu ujue ni nini, na ujue sharti lake: kompyuta ya namna hiyo haigusi intaneti, hata kwa dakika tano za kuangalia matokeo ya mpira.

Usione aibu kwamba shule yenu imekutwa na hili. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikutwa na fomu za kodi zilizojengwa kwa Flash tarehe ya mwisho ilipopita. Januari 2021 ikatoa kivinjari chake yenyewe, cha Windows tu, kikiwa na Flash ndani, ili walipa kodi wamalizie fomu ambazo hazijahamishwa. Mwezi huo huo watumishi wa karakana ya reli huko Dalian, kaskazini mashariki mwa China, waliamka wakakuta kurasa zao za ratiba hazifunguki, wakahangaika karibu siku nzima hadi waliporudisha Flash ya zamani. Hao walikuwa na bajeti na idara nzima ya kompyuta.

Umetaja masomo ya Flash tu, lakini CD za wakati ule mara nyingi zilichanganya. Ukikutana na somo la Java linalofunguka ndani ya ukurasa, fahamu kwamba plagini ya Java nayo iliondolewa kuanzia toleo 11 la mwaka 2018. Kwenye JDK 8, kifurushi cha watengenezaji wa programu za Java, bado kuna kijiprogramu kiitwacho appletviewer kinachoweza kulifungua nje ya kivinjari. Silverlight ya Microsoft ilifikia mwisho Oktoba 2021, ila hiyo sijawahi kuikuta shuleni hata siku moja.

Kabla hujatumia wiki nzima kufufua kila faili, linganisha orodha yako na PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Nao walikuwa na majaribio mengi ya Flash na Java, wakayaandika upya kwa HTML5, ambayo kila kivinjari inaielewa bila plagini. Saketi zimo, mawimbi kwenye kamba yamo, asidi na besi zimo, na mengi yana tafsiri ya Kiswahili. Kizuri zaidi kwako ni kwamba kila jaribio la HTML5 ni faili moja tu la .html: unalipakua mara moja ukiwa mjini kwenye intaneti nzuri, unaliweka kwenye flashi, unalibofya shuleni bila seva wala Ruffle. Kusema kweli jaribio la saketi la PhET ni bora kuliko mengi niliyoyaona kwenye CD za zamani. Mwanafunzi anaweza kuunguza betri na kuona moto. Ningeanza na hayo, kisha nguvu zako za kufufua uziweke kwa masomo yasiyo na mbadala, hasa kama kuna yaliyotengenezwa hapa nyumbani kwa muhtasari wetu na sauti ya Mtanzania. Hayo hakuna chuo cha Marekani kitakachokuandikia upya.

Ukimaliza, yaani nakala mbili ziko salama, masomo yanacheza kwenye kompyuta 13, na umeandika kwenye daftari la chumba ni yapi yanataka projekta, ndipo urudi kwa mzee wa pembeni. Mzime, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha. Betri iko karibu na kona ya mazabodi, inashikiliwa na kilimi cha chuma. Isukume kidogo itaruka yenyewe. Mpya iingie upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ila ukifuata ushauri wangu ungemwacha hivyo hivyo kwa muhula mmoja zaidi, na kipande cha karatasi kimebandikwa usoni: SAA YAKE USIREKEBISHE.